Programu Yangu Ilipomtukana Mhadhiri

Nikiri tu mapema: siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mwanangu Neema mgongoni, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira, tena hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

Kanisa letu hapa ugenini, mtaa wa Yeoville, lina kompyuta nane kuukuu, programu za kisasa ukizifungua humo zinaganda, kwa hiyo mimi (shule yangu iliishia sekondari, mengine nimejifunza huku nanyonyesha) nikatengeneza programu ndogo, nyepesi, ya kuandikia programu nyingine, ili vijana wetu wajifunzie. Wakati naijaribu, kila kosa lilikuwa linaniletea namba tupu, nikaona bora initukane kabisa nijue nimekosea wapi, na matusi yenyewe nikayaandika kama namwambia Baba Neema, aliyetukimbia. Nitayafuta baadaye, nikasema. Baadaye!

Jumapili, baada ya ibada, Mchungaji akaleta mhadhiri Mkenya wa kompyuta kutoka chuo kikuu cha Braamfontein aamue: programu ikifaa, darasa linaanza, isipofaa, kompyuta zinakwenda kwenye vyuma chakavu. Akaketi, waumini wamejaa nyuma yake, akaandika jina la faili ambayo haipo. Kompyuta ikalia piii: "UNATAFUTA NINI HAPA, MWONGO WEWE?"

"Dada, ni mimi inaambia hivi?"

"Hapana, mwalimu, bonyeza tu 'Kutoka'," nikasema (hapo ndipo nilipojimaliza).

Akabonyeza. "KUTOKA NDIYO KAZI YAKO. HATA MTOTO HUJAMUAGA."

Halafu Mama Furaha, mshonaji wa hapa kanisani, akapaza sauti: "Eish, si Baba Neema huyo?" Kanisa zima likaangua kicheko.

"Tuzime tu, Mama Neema," Mchungaji akanong'ona.

"Haizimwi!" nikamjibu.

Nikamwinua mhadhiri kwenye kiti, nikaifungua programu yangu ndani ya programu yangu yenyewe, nikaanza kubadilisha tusi moja moja mbele ya macho yao, mtoto analia: "Faili haipo." "Hujahifadhi kazi yako." Haikuganda hata mara moja. Mhadhiri akainama karibu na skrini, kicheko kimemwisha.

"Kumbe unaitengeneza nayo yenyewe, kwa kompyuta mzee kama hii? Pastor, hizi usitupe."

Darasa linaanza Jumamosi, na mwalimu ni mimi. Lakini nimekoma: siandiki tena kwenye skrini neno nisiloweza kumwambia mgeni usoni. Ya Baba Neema ninayo kichwani yote, na siku nikikutana naye nitamsomea mwenyewe, bila kompyuta.