Nusu Saa za Milano

Nikinusa mvuke wa pasi juu ya hariri, narudi Kandara, Jeddah, kwenye chumba cha mbele ambako mama yangu alishona magauni ya maharusi. Mle mlinuka kitambaa cha moto, udi wa wateja na kahawa ya iliki, na cherehani haikunyamaza. Mama alikuwa fundi hasa, si wa kubahatisha. Bibi harusi alileta picha aliyoikata kwenye gazeti la mitindo la Kitaliano, Mama akaitazama mara mbili, akasema haya, njoo Alhamisi. Alikuwa ameishona Milano nzima bila ya kuiona. Familia yetu ilitoka Unguja kabla sijazaliwa, lakini nyumbani Milano ilitajwa karibu sawa na Unguja yenyewe.

Baba alifanya kazi Riyadh, akija nyumbani mara mbili kwa mwezi. Nilipotimiza miaka kumi na mmoja alitangaza, sambusa mdomoni, kuwa likizo ya skuli tungekwenda Milano siku nne, sisi watatu. Nilipiga kelele hadi Bibi, mama yake Baba, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mama peke yake hakucheka. Alisema ana magauni ya watu, twende wenyewe. Tukambembeleza wiki nzima, mwisho akakubali kwa sharti moja: safari ipangwe vizuri, asipoteze hata saa moja bure. Kazi hiyo nilipewa mimi, kwa kuwa nilisoma Kiingereza. Nilijua kuwa mpango ukiwa mbovu Mama atabaki na cherehani yake, na mimi nilimtaka aende kwa roho yangu yote.

Basi raha gani ile! Nilitandika sakafuni karatasi ya kahawia ambayo Mama alichorea mitindo, nikachora siku nne kwa penseli na rula. Asubuhi kanisa kubwa la marumaru, tulitazame kwa nje. Kisha mtaa wa maduka ya nguo, kisha vitambaa, kisha vitambaa tena. Bibi, ambaye hata hakuwa anakwenda, alitoa amri kuliko sote. Alifunga mchele, pilipili na achari ya embe, akataka niandike tutapika wapi. Nilipomwambia hoteli haina jiko, aliuliza ni hoteli gani hiyo, na watu wake wanaishije. Baba alipeleka pasipoti na nakala za ikama zetu, vibali vya ukaazi, na viza zikatoka. Mama alipita na pini mdomoni, akachungulia, akauliza tu kama maduka ya vifungo yamo. Nikamwambia yamo.

Baba alipokuja niliubandika mpango ukutani. Aliusoma taratibu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Kila siku, katikati ya maduka, niliacha nafasi nne tupu za nusu saa: adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, tena kwa saa za Jeddah. Wakati ule kwetu adhana ikilia maduka yote hufungwa mpaka sala iishe, na sikujua kama duniani kuna mji usiofanya hivyo. Baba alinieleza kwa upole kuwa Milano hawafungi, sisi tutasali tutakapopata nafasi, na nafasi zile nizifute tuongeze maduka. Mama naye akasema futa. Nilifuta moja, machozi yakanitoka. Wakadhani ni haya.

Haya nilikuwa nayo, lakini mimi nilikuwa nafikiria mtaa wa Sharafiya. Tulipokwenda kununua nyuzi huko, adhana ilitukuta nje, milango ya mabati imeshateremshwa. Tukishasali tulikaa kwenye ngazi ya duka kusubiri wafungue. Mama alivua viatu, tukagawana mkate wa ufuta, akaniuliza habari za skuli na kuzisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa mikono yake haikuwa na kitu. Nyumbani alinijibu bila ya kuinua macho. Nikafuta machozi.

"Kama hawafungi," nikasema, "wewe utakaa saa ngapi?"

Mama alininyang'anya kifutio, akakitia mfukoni.

"Hizo zibaki," alimwambia Baba. "Na hiyo aliyoifuta airudishe."

Tulikwenda. Mama alipapasa hariri mpaka wauza duka wakamzoea. Lakini ninachokumbuka zaidi ni benchi la mawe, maduka yote wazi mbele yetu, na Mama pekupeku akila mkate wa Kitaliano kwa achari ya Bibi, akinisikiliza. Sijapata kuwa na furaha kama ile.

Siku hizi hata huku maduka mengi hayafungwi wakati wa sala. Silaumu, mimi mwenyewe hununua mboga saa hizo. Nakaa Riyadh, nina kazi ya ofisini na simu isiyopumzika. Mama ameacha kushona, macho yamechoka, na mwezi ujao nampeleka tena Milano. Safari hii nilipanga kwa simu, hoteli, treni na maduka, kila dakika na kazi yake, nikamtumia huku najivuna. Alinipigia jioni ile ile. Nilikuwa najibu barua za kazi kwenye kompyuta, namsikiliza kwa sikio moja.

"Umepanga vizuri, mwanangu," alisema. "Na wewe utakaa saa ngapi?"

Niliifunga kompyuta. Nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje, nikavua viatu, nikampa habari zangu mpaka mwisho.