Mistari Sita Iliyofutwa

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Milimita anafagia chenga za chuma chini ya mashine ambayo ameiandikia programu kwa miaka kumi na minne. Hafagii kwa upole. Ufagio unagonga miguu ya mashine, na mafundi wenzake wanajifanya hawasikii.

Jina hilo alipewa hapa karakana kwa ukali wake wa vipimo. "Hata pazia nyumbani napima mara tatu," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka.

Kazi yake ni kuiambia mashine, mstari kwa mstari, kisu kiende wapi, kishuke kiasi gani, kwa kasi ipi. Mashine haina macho. Ndiyo maana, kabla kisu hakijakimbilia shimo jingine, yeye hukiinua kwanza juu ya vibano vinavyoshikilia chuma.

Mwezi uliopita alikwenda kumzika shangazi yake. Huku nyuma, msimamizi aliifungua programu na kufuta mistari sita, yote ya kuinua kisu. Alitaka kuokoa sekunde kumi na moja kwa kila kipande.

Kisu kikagonga kibano, kikakatika. Kipande chake kilitoboa kioo cha mlango na kumchana shavu mwendeshaji wa mashine, akashonwa nyuzi tisa.

"Kingepanda kidogo tu, saa hizi ningekuwa chongo," anasema mwendeshaji huyo.

Jumba bovu likamwangukia Mama Milimita. Ofisi imemwandalia barua ya kukiri kosa. Akiitia saini, hatagusa programu tena. Asipoitia, ataendelea na ufagio aliopewa tangu ajali.

"Mzembe, mimi?" anafoka. "Na kila asubuhi msimamizi ananiambia 'habari za leo, dada', kama vile hakuna kitu!"

Msimamizi alipoulizwa, alijibu kwa mkato: "Programu ina jina la huyo dada. Sina la kuongeza."

Nyumbani, mumewe anamsihi asaini yaishe, asije akafukuzwa kazi, watoto bado wanasoma. "Nikamuuliza, baba watoto, yaishe kwa nani?"

Kikao cha kuamua suala lake ni Alhamisi. Hajaandaa maelezo marefu. Ataomba programu ile ile, bila mistari yake sita, iwekwe kwenye mashine, kisha msimamizi aiendeshe mwenyewe, akisimama pale pale alipochanwa mwenzake.

"Kalamu nitakuja nayo," anasema. "Akithubutu kubonyeza kitufe, nasaini hapo hapo."