Bati la Feni na Barua ya Onyo

Barua ya tajiri, mwenye lori, ilisema mimi ni mzembe: gari limechemka mara tatu kwa sababu sitii maji kwenye rejeta. Mimi, dereva wa lori la maji. Kutwa nzima, miaka ile ya themanini, nilijaza tangi Malindi mjini na kupeleka mtaa wa Shella kwenye majumba yaliyokuwa yakijengwa, halafu naambiwa nimeisahau injini yangu. Nilitakiwa kutia sahihi, nikubali kosa. Nisipokubali, niache kazi, na nyumbani nina watoto watatu.

Lori lilikuwa la dizeli, kuukuu. Feni yake ilikaa nyuma ya rejeta, ikizungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, ikivuta upepo wa mbele upite kwenye rejeta na kuyapoza maji. Gari likienda kasi, upepo wa barabarani husaidia. Letu lilisimama saa nzima injini ikinguruma, kwa kuwa ndiyo iliyoendesha pampu ya kupandisha maji juu ya majumba. Hapo hakuna upepo ila wa feni. Ndiyo maana waliolitengeneza waliizungushia feni bati, ivute kupitia rejeta tu. Bati likitoka, feni huvuta hewa ya pembeni, tena ile yenye joto la injini. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliopasuka.

Na bati letu lilitoka. Fundi alilivua alipobadilisha mkanda, na tajiri akamwambia asijisumbue kulirudisha, lapiga kelele bure. Kwa tajiri yule, kilichobaki baada ya matengenezo kilikuwa cha ziada, na cha ziada kilikwenda kwake nyumbani. Nilimwambia siku ileile kwamba gari litachemka. Nikajibiwa kazi yangu ni usukani.

Asubuhi niliyopewa barua niliingia uani kwake. Bati lilikuwa limelazwa chini ya dirisha la jikoni, na ndani yake kuku ameatamia.

Hasira ikanipanda, nikawaita tajiri na fundi pale liliposimama lori. Nikaliwasha mbele yao, nikaishikiza barua mbele ya rejeta, nikaiachia. Ikaanguka mchangani. Nikazima injini, nikakata katoni, nikaizungushia feni na kuifunga kwa waya, nikawasha tena. Safari hii barua ikaganda kwenye rejeta, haikuanguka. Fundi akatazama viatu vyake.

"Umeona, tajiri?"

"Nimeona. Kweli yavuta."

"Basi nipe lile bati nilifunge."

"Ngoja kwanza kuku aangue, zimebaki siku nane. Na hiyo barua itie sahihi, maana ishaandikwa."

Akaninyooshea kalamu. Nikisimulia kisa hiki watu hucheka. Mimi sijakicheka hata leo, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona. Asiyejua ningemwelewesha.

Dizeli za zamani hazizimwi kwa ufunguo bali kwa waya wa kuvuta; ukichomoa ufunguo, injini huendelea tu. Nikauchomoa, nikamwekea kiganjani badala ya kuipokea kalamu, nikashika njia kwa miguu, nikifikiria nitakavyomweleza mama watoto. Nyuma yangu injini ilikuwa ingali inanguruma, na barua imeganda palepale kwenye rejeta, haina sahihi.