Bendi yetu ya rock Muscat: ukialikwa biriani ya Ijumaa, ujue zamu yako imefika

Wakuu, salamu kutoka Mabela, Muscat, ambako joto linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika.

Mimi ni Muomani wa asili ya Unguja. Kwetu Kiswahili ndio lugha ya jikoni na ya ugomvi.

Haya nnayoandika yamenikuta mwenyewe, na shahidi ni mama yangu. Tena yeye ndiye mtuhumiwa.

Asiyependa maelezo marefu apite tu, nshazowea.

Tuna bendi ya rock. Ndio, rock ya magitaa ya kelele, si taarab. Inaitwa Moto wa Mabela. Tuliianzisha wanne tulipokuwa wanafunzi: mimi muimbaji, Mundhir mtoto wa ami yangu kwenye gitaa la solo, Salum kwenye dramu, na rafiki yetu mmoja kwenye besi. Mazoezi ni gereji ya kwetu mpaka leo.

Habari ya besi fupi. Yule wa mwanzo alipata kazi Dubai, na tokea hapo besi imekuwa ya wageni. Mkataba wa kazi ukiisha mtu anarudi kwao, tunatafuta mwengine. Alipita Mfilipino, akapita Mgoa, sasa yupo Otieno, Mkenya, fundi mitambo kiwandani Rusayl.

Tatizo lilianzia kwa Salum. Yule bwana akipiga dramu utasema anakimbizwa na mbwa. Wimbo tunauanza pamoja, anaumaliza peke yake.

Sasa nani wa kumwambia? Mama yake na mama yangu wamesoma chuo cha Qur'ani pamoja, na dada yake ameolewa kwetu. Sisi hatumfukuzi mtu uso kwa uso, wallahi. Ni aibu, halafu utakutana naye kwenye kila harusi na kila msiba mpaka ufe.

Tukamwalika chakula cha Ijumaa, tumweleze kwa upole. Mama akapika biriani ya mbuzi. Tukala, tukasifu, tukanywa chai, hakuna aliyethubutu.

Mwisho mama ndiye aliyempakulia Salum pande kubwa la nyama, akamwambia amewafanyia wenzake kazi kubwa, sasa apumzike. Kisha akamjazia biriani kwenye hotpoti aende nayo kwao.

Salum akashukuru, akaondoka. Baada ya siku chache hotpoti ikarudi imejaa kaimati za sukari, maana chombo cha watu hakirudi kitupu. Tukajua hana kinyongo.

Basi ikawa ndio desturi. Mundhir alipooa akaanza kukosa mazoezi, naye akala biriani yake. Mpiga kinanda, tuliyemuongeza baadaye, alipoiona sinia tu alisema ameshiba, akakimbilia garini. Mama alimfuata na hotpoti mpaka getini.

Wakaja wapya, nikabaki mimi peke yangu katika waasisi. Mimi na biriani wapi na wapi?

Juzijuzi tukapata kupiga kwenye hoteli moja Qurum, bustanini. Watu wa maofisini, wameshakula, wanataka muziki.

Sasa mimi nikishika maikrofoni, lazima kwanza niwaeleze watu historia ya bendi. Mtu asiyejua ulikotoka atakuelewaje? Nikaanza na Salum, nikafika kwa Mfilipino, nikarudi nyuma kidogo kueleza babu yangu alivyohama Unguja.

Nilipofika kwenye habari ya gereji, meneja wa hoteli akaja kuninong'oneza kwamba muda wetu unakaribia kwisha. Tulipiga wimbo mmoja.

Mimi niliona jioni imekwenda vizuri sana.

Ijumaa iliyofuata natoka msikitini. Mimi na mke wangu tunakaa ghorofa ya juu, mama yuko chini. Harufu ya biriani ikanipokea getini. Nikafurahi, masikini.

Naingia sebuleni, bendi nzima imekaa kuizunguka sinia.

Nikajua tu, leo ni zamu ya Otieno. Nikamshika bega, nikamwambia kila jambo na wakati wake, asihuzunike. Otieno akaangalia zulia.

Mama akachukua sahani, akapakua. Pande la nyama likafunika wali wote. Akaisogeza mbele yangu.

"Mama, mimi?"

"Kula kwanza, mwanangu. Umewafanyia kazi kubwa wenzako."

Wakuu, niliumia, sikufichini. Bendi yangu, gereji ya kwetu, mama yangu mzazi. Nikaweka sahani chini, nikaanza kuwakumbusha tulivyoianzisha bendi hii, Salum alivyokuwa, Mundhir alivyokuwa. Wote wakainama kwa pamoja. Mama akaniongezea nyama.

Ni Otieno aliyesema. "Kaka, tunakupenda sana. Lakini watu walikuja kusikia gitaa."

Nikaivuta sahani, nikala.

Kisha ikaja hotpoti. Mimi naipeleka wapi? Nikapanda nayo ngazi. Mke wangu alipofungua mlango hakuuliza kitu, na sahani alikuwa keshazipanga mezani. Nyumba nzima walijua.

Nikanuna. Nikawa nawasikia chini wakifanya mazoezi na muimbaji mpya, binti mmoja wa Seeb. Nilitega sikio nitafute kosa lake. Sikulipata, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tena waliweza kupiga nyimbo zote, mpaka zile nilizokuwa nimezisahau.

Mwisho nikaenda kununua halwa, nikaijaza hotpoti, nikateremka. Muziki ukasimama. Mama akafunua, akaonja, akatikisa kichwa kukubali.

"Halwa nzuri. Haya, wasaidie wenzako kupakia spika."

Siku hizi mimi ndiye dereva wa bendi. Naendesha, nabeba, na garini wananiruhusu kueleza historia mpaka tufike.

Nilichojifunza: anayekupenda atakuambia ukweli, ila anaweza kuutia zafarani kwanza. Na nikihesabu vizuri, katika bendi ile kuna mtu mmoja tu ambaye hajawahi kubadilishwa tokea siku ya kwanza, naye hajashika gitaa maishani mwake. Yuko jikoni hivi sasa, anachambua mchele. Leo si Ijumaa, lakini nimempigia simu Otieno kumtahadharisha.

Haya wakuu, uwanja wenu, semeni mnavyotaka. Ila atakayeniambia nipumzike, aje na hotpoti.