Safari ya Mwanza Isiyo na Mgonjwa

Mama mdogo Mektilda alikuwa amefika Mwanza mara mbili tu maishani. Mara ya kwanza alimpeleka bibi, mama yake, katika ile hospitali kubwa ya kilimani. Mara ya pili alikwenda kumchukua. Ndiyo maana siku ile aliponiambia tunakwenda Mwanza nilishtuka, nikauliza kama watu wote wa huku wanavyouliza.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa," akasema. Alikuwa anapepeta mchele, na alicheka mpaka pumba zikamrukia usoni. "Tunakwenda kutembea. Mara mbili nimerudi kutoka Mwanza nalia. Safari hii nataka nirudi nacheka, na wanangu wameona ziwa."

Mimi nilikuwa kidato cha pili hapo Bariadi, nakaa kwake kwa sababu kwetu Mwamanyili shule ya sekondari ilikuwa mbali. Mume wake, baba mdogo Method, alikuwa fundi wa mashine za kuchambulia pamba, na msimu ule wote alikuwa Maswa. Nyumbani tulikuwa wanne: mama mdogo, mimi na mapacha wake wa mwaka mmoja na miezi tisa, Kulwa wa kiume na Doto wa kike.

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu wanunuzi wa pamba wa binafsi waanze kuingia. Zamani ulipeleka pamba yako ushirika, ukapewa karatasi, ukasubiri malipo ya kwanza, ya pili ukayasubiri mpaka ukasahau ulilima nini. Sasa lori linasimama, mizani inafungwa kwenye tawi, unalipwa hapohapo mkononi. Mama mdogo alikuwa na kipande chake nyuma ya nyumba, kisichofika hata nusu eka. Alikilima na mapacha wamelala kwenye kanga pembeni. Alipolipwa alizikunja zile noti ndani ya leso, akaniambia mtu mwingine angenunua bati. "Mimi bati ninalo."

Tulipanga wiki tatu. Alinipa kazi ya kuandika, nami nikatumia kurasa za mwisho za daftari la fizikia. Sijawahi kuona mtu anapanga kitu kwa makini vile. Gesti hapana, tutalala kwa shemeji Marcelo, ana chumba kimoja Mabatini, kwa hiyo tubebe mkeka wetu na shuka, asije akalalamika. Chakula cha njiani matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, maana havichachi, na mtoto akipewa kipande kimoja ananyamaza mpaka Magu. Unga wa uji kwenye kopo. Vikombe viwili vya plastiki, vyote vyekundu, kwa sababu kimoja kikiwa cha bluu ni vita. Nepi za vitambaa kumi na mbili, na sabuni ya kipande ya kuzifulia Mwanza. Wapiga debe wa mabasi mapya walikuwa wananyang'anyana abiria siku hizo, na wote walikuwa na sharti moja: mtoto wa kupakatwa halipi, ila mtu mmoja apakate mtoto mmoja.

"Mimi ninayo mapaja ya mtoto mmoja," akasema mama mdogo. "Mwingine atapakatwa na nani?"

Basi nikajua kwa nini naenda. Nilikuwa napelekwa Mwanza kwa ajili ya mapaja yangu, na nilifurahi vilevile. Nilitaka kuona kisiwa chenye wanyama. Nilitaka kuona lifti. Rafiki yangu alisema unaingia kwenye kabati, linafungwa, likifunguka uko juu. Sikuamini, nilitaka nikaione mwenyewe.

Niliyoyaharibu, niliyaharibu bombani.

Ilibaki wiki moja kabla ya likizo fupi ya Septemba. Nilikuwa kwenye foleni ya maji na ndoo mbili. Mbele yangu alikuwa Bi Maximiliana, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo ya kanisa, mama mnene mwenye sauti ya kuongozea nyimbo. Sijui nani alimwambia.

"Nasikia mnakwenda Mwanza. Nani anaumwa?"

"Hakuna, mama."

"Msiba?"

"Hapana, mama."

"Sasa mnafuata nini?"

Wanawake wote wakageuka. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekatika mapema, na baadhi ya waliosimama pale walikuwa wameanza kula mara moja kwa siku. Neno "kutembea" nilikuwa nalo kabisa mdomoni. Likakataa kutoka. Niliona aibu, jamani, niliona kama nitasema tunakwenda kuchoma noti.

"Doto," nikasema.

"Doto ana nini?"

"Kifua."

Kweli Doto alikuwa na makamasi. Mtoto gani hana makamasi mwezi wa tisa, na vumbi lile? Bi Maximiliana akaweka mkono shavuni, "Masikini!", wakanipisha nichote kwanza. Nikachota. Nilirudi nyumbani na maji ya watu waliotangulia, na mama mdogo sikumwambia kitu. Nilifikiri maneno ya bombani yanaishia bombani.

Kesho yake, baada ya saa tisa, jumuiya ikafika. Akina mama saba, na vitabu vya nyimbo. Mama mdogo alikuwa anafua. Akasimama na mapovu mikononi.

"Pole na mgonjwa, Mama Kulwa," akasema Bi Maximiliana. "Ungetuambia. Mpaka tusikie kwa mtoto bombani?"

Mama mdogo aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, ila kama mtu anayesoma barua kwa mara ya pili. Nilisubiri aseme neno moja tu, na lile neno lingeniangukia mimi, nami nilistahili. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Kifua tu," akasema. "Karibuni."

Wakaingia. Doto aliletwa katikati, akawekewa mikono kichwani. Sala haijafika katikati, mgonjwa akachomoka, akanyakua rozari ya mtu na kukimbia nayo uani anacheka. Kulwa, kwa sababu hakuwekewa mikono, akaanza kulia, na kulia kukampalia, akakohoa.

"Mnaona!" akasema mmoja. "Kimeshamhamia mwenzie!"

"Ndivyo mapacha walivyo. Msalieni na huyu."

Wakamsalia na huyo. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeuma mdomo. Nilitaka kucheka, na hapohapo nilitaka ardhi inimeze.

Halafu wakatoa walivyoleta. Vyote vilikuwa viwiliviwili, maana huku kwetu huwezi kumpa pacha mmoja kitu ukamwacha mwenzie. Vipande viwili vya sabuni, vimekatwa sawa kwa uzi. Mafungu mawili ya karanga. Vikofia viwili vya kufuma. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mwembamba, Nyanjige, anayekaa Kasoli na kuja kusali kwetu kwa sababu binti yake ameolewa mtaa wetu. Alikuwa ametembea tangu saa saba. Akafungua kapu, akatoa matetea mawili, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Uwauze upate nauli, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa na mjukuu, Shigela. Kifua hivihivi. Tulisema tungoje pamba iuzwe ndiyo tumpeleke Mwanza. Ushirika ulikuwa haujalipa. Tulipopata mkokoteni wa ng'ombe wa kutufikisha barabarani, alitufia njiani. Wewe usingoje."

"Wabeja, mayu," mama mdogo akamshukuru kwa Kisukuma, akimwita mama. 

Walipoondoka alirudi kwenye karai lake akaendelea kufua. Nguo ileile, muda mrefu. Nikapiga magoti pembeni.

"Mama mdogo, nisamehe. Niliona aibu."

"Najua. Na mimi niliona."

"Kwa nini hukukataa?"

"Ningekataa, ungekuwa mwongo wa mtaa mzima. Hilo ndilo nililojiambia." Akakamua nguo. "Lakini si hilo tu. Na mimi nilishindwa kulisema hilo neno mbele yao. Kutembea! Na wale wanawake walivyokonda."

"Basi tusiende."

"Tusipokwenda watasema nimekula kuku nikaacha mtoto afe nyumbani. Sasa lazima twende."

Tulikwenda Alhamisi. Matetea hakuwauza. Aliwaacha kwa jirani, na nauli alilipa kwa pamba yake kama tulivyopanga. Nilimpakata Kulwa, yeye Doto. Matobolwa yalifanya kazi yake, watoto walinyamaza mpaka Magu kweli. Kwa mara ya kwanza kila kitu cha kwenye daftari kilikwenda sawa, na hakuna aliyefurahi.

Ijumaa ilikuwa siku ya kisiwa. Niliamka mapema, nikawavika watoto vikofia vyao. Mama mdogo akavivua, akavikunja, akaviweka kwenye mfuko. Halafu akasema twende, lakini barabara aliyoshika ilikuwa inapanda kilima. Niliitambua kabla hajasema, kwa namna alivyopunguza mwendo.

"Mama mdogo, huku si ziwani."

"Siwezi kupanda boti na maneno ya yule bibi. Waliombewa waonwe na daktari, wataonwa."

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi tisa ukimkalisha benchi kwa saa sita anakuwa watoto wanne. Kulwa alilamba ukuta. Doto alimvua viatu mgonjwa wa kweli, mzee aliyekuwa amelala, akaenda kuvificha. Karibu yetu alikuwa mama kijana na mtoto amefunikwa gubigubi, anapumua kwa shida, na kila namba ilipoitwa mama mdogo aliangalia namba yetu, kisha namba ya yule mama. Hatimaye akainuka, akabadilishana naye. Tukarudi nyuma watu kumi na moja.  Nilijua kila saa inayopita pale mimi ndiye niliyeileta, kwa neno moja, nikiwa nimeshika ndoo.

Daktari alikuwa kijana. Alimsikiliza Doto mbele na nyuma.

"Mama, huyu ana nini?"

"Kifua."

"Tangu lini?"

Mama mdogo akamsogeza Kulwa mbele. Daktari akamsikiliza Kulwa pia.

"Wote wazima kabisa. Umetoka wapi?"

"Bariadi."

"Umetoka Bariadi kwa hili?" Hakuuliza kwa ubaya. Alishangaa tu. Na mama mdogo, aliyenyamaza siku zote zile, akalia pale mbele yake, wazi, kama mtoto. Daktari akafikiri ni furaha. Akampa kitambaa.

Ziwa tuliliona Jumamosi, nusu saa, karibu na kivuko, mizigo ikiwa kichwani. Watoto walirusha vijiwe majini, kila kimoja wakikishangilia. Mimi nilishangaa jinsi maji yalivyokuwa mengi na hayana haraka. Nilimwambia mama mdogo aangalie meli. "Naiona," akasema, lakini alikuwa anaangalia saa ya mnara. Lifti sikuiulizia.

Stendi ya Bariadi tulipokewa. Bi Maximiliana mwenyewe alikuja, akambeba Doto, akamgeuzageuza. "Daktari kasemaje?"

"Mzima," mama mdogo akajibu. Lilikuwa jibu la kweli, na lilifanya mambo kuwa mabaya zaidi, maana wale akina mama walipiga vigelegele hapohapo stendi.

"Sala! Si niliwaambia? Kesho utatoa ushuhuda, Mama Kulwa. Tunachanga mchele, tunapika pilau."

Kesho yake alfajiri mama mdogo akanigusa bega. Tukawaacha watoto kwa jirani, tukachukua matetea mawili na kushika njia ya Kasoli. 

Bibi Nyanjige alikuwa anabangua karanga za mbegu. Alituona, akaona na kuku, mikono ikasimama.

"Amekufa?"

"Hapana, mayu. Hakuumwa."

"Amepona."

"Hakuumwa. Hata siku moja. Tulikwenda Mwanza kutembea."

Bibi aliokota karanga moja iliyoanguka, akaibangua.

"Mungu ashukuriwe kwa mtoto," akasema. Kisha, "Ungeniambia unakwenda kutembea nisingekupa. Sina kuku wa matembezi."

"Najua, mayu."

"Nilimtaja Shigela mbele ya watu. Huwa simtaji."

Hapo sikuweza tena. "Bibi, ni mimi niliyesema. Bombani. Yeye hakujua."

Bibi aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Nilifikiri hivyo. Mtu mzima hamzushii mwanawe ugonjwa."

Ningeweza kupumua. Lakini mama mdogo alikuwa ameshatikisa kichwa.

"Nilinyamaza, mayu. Uliponipa hawa nilinyamaza. Wewe ulikuwa unanieleza habari za mjukuu wako, na mimi nimenyamaza."

 Bibi alichukua matetea, akawafungua kamba, wakaenda kuchakura chini ya kihenge cha nafaka kana kwamba hawajatoka pale. Alituletea maji kwenye kata, tukanywa kwa zamu, na hakutuambia karibuni tena wala hakutufukuza. Tuliaga. Aliitikia akiwa ameinama kwenye ungo wake.

Tulipofika njia panda, ya kushoto kwetu na ya kulia kwa Bi Maximiliana, moshi wa asubuhi ulikuwa unatoka huko kulia.

"Ameshawasha moto," nikasema. "Tungoje jumuiya ianze?"

"Mchele ukishaingia chunguni hautoki," mama mdogo akasema, na alikuwa ameshakata kulia. "Twende kabla hajaosha."

"Nitasema mimi. Mimi ndiye niliyeanza."

"Wewe utasema ya bombani. Ya nyumbani usiyaguse, hayo ni yangu."

Nikamfuata mbiombio, nikipanga maneno yangu, na kila nilipoyapanga yalikuwa machache kuliko nilivyotaka.