Kuku Aliyefia Kwapani

Mpangaji mwenzangu ananyonyoa kuku uani. Harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto imenirudisha Kisarawe, mlango wa nyuma wa nyumba yetu.

Baba alikuwa kazini mjini, na wageni wa posa ya dada walikuwa njiani. Mama alinipa kuku mweupe nimpeleke kwa mzee jirani akachinjwe. Njiani mbwa alinibwekea, nikambana kuku kwapani kwa nguvu zangu zote. Nilipofika, shingo yake ilikuwa inaning'inia.

"Shikamoo, babu. Mama anaomba umchinje."

"Marahaba." Akampapasa chini ya bawa. "Huyu ameshakufa, mjukuu wangu."

"Mchinje tu, babu. Mama hatajua."

"Kumkata shingo sasa siyo kuchinja. Anachinjwa aliye hai, kwa kisu na kwa jina la Mungu. Hiki ni kibudu. Unataka wakwe wa dada yako wale mzoga?"

"Kwa hiyo mimi nimemuua?"

Babu alimfukia nyuma ya banda, akakamata kuku wake mweusi, akasema bismillahi, akamchinja na kunikabidhi.

Mama alikuwa ananisubiri na sufuria ya maji yanayochemka. Alimtazama kuku, akanitazama mimi, akamtazama kuku tena. Nilisubiri aniulize. Akamwaga maji, harufu ikapanda.

"Haya, nyonyoa."

Nikanyonyoa, nikiomba japo unyoya mmoja uwe mweupe.