Kanga Mlangoni mwa Pijo

Twalibu wa Isevya alikuwa na mashine moja na maringo ya watu kumi. Mashine yenyewe ya umeme, inazungusha pedi ya ngozi ya kondoo. Miaka ile ya Ujamaa gari jipya ulikuwa unaliona kwenye picha tu, kwa hiyo mtu wa kulirudisha gari kuukuu ujanani alitafutwa kama daktari. Alipaka dawa ya mikwaruzo, akanyunyiza maji, mashine ikanguruma, kisha akamalizia kwa nta ya nyuki kutoka Igalula.

"Usiikandamize," alimwambia kila aliyesimama kutazama, hata asiyeuliza. "Wala usiiache mahali pamoja. Kwenye kingo rangi ni nyembamba, ukizubaa tu umeichoma!"

Basi siku hiyo Mzee Shaban wa Cheyo akamwita aing'arishe Pijo yake nyeusi. Jioni ingekwenda stesheni kuwapokea washenga kutoka Kigoma, wanaokuja kumposea mtu binti yake, Mwanajuma. Loo! Twalibu alimpenda Mwanajuma tangu hajanunua hata hiyo mashine, na mwenyewe Mwanajuma alijua. Ila maneno ya kumwambia baba mtu yalimkwama kooni. Mtu wa kelele zote zile! Sasa anamng'arishia mwenzake gari la posa, na roho inamuuma kwelikweli.

Alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa nyuma, umeshakuwa kioo kitupu, Mwanajuma alipotoka uani. Akasimama nyuma yake, kampa mgongo, hatikisiki. Twalibu akayaona maandishi ya kanga ndani ya rangi, yamegeuka. Akayasoma kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyozoea chuoni kwa maalimu, herufi moja moja, na mashine imetulia ukingoni. NI-ME-CHO-KA... Alipofika KUSUBIRI, harufu ya kuungua ikampanda puani.

Mlango ulikuwa na kidonda cheupe, na rangi ile ungeizungukia Tabora nzima usiipate.

Mzee Shaban akatoka mbio. "Twalibu! Si wewe unayetuhubiria habari za kingo kila siku? Ulikuwa unafanya nini?"

"Shikamoo, Mzee. Nilikuwa... nasoma."

"Unasoma nini mlangoni?"

Mwanajuma, bila kugeuka, akainyoosha kanga yake vizuri. Mzee akasoma taratibu, midomo ikimcheza. Akamtazama binti, akamtazama fundi, akautazama na mlango wake.

"Na wewe ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilikuwa natafuta maneno, Mzee."

"Si hayo umeshayasoma? Kawalete wazee wako, kabla hujanimalizia gari!"

Washenga wa Kigoma walipokewa, wakalishwa pilau, wakarudishwa stesheni kwa heshima zote. Kidonda kile Twalibu alikuwa akikipaka kiwi ya viatu kila Ijumaa, miaka nenda rudi. Rangi iliporudi madukani, Mzee Shaban alitaka mlango upakwe upya, na Mwanajuma akakataa katakata.